Mchezo na Rangi ya Ngozi (2): Mwaliko Wenye Sharti

Juma lililopita tuliishia Stillwater, Oklahoma, tarehe 20 Oktoba 1951, pale Johnny Bright, mchezaji mweusi wa Chuo cha Drake, alipovunjwa taya uwanjani huku wapiga picha wakishuhudia. Leo tunabaki katika msimu huohuo, ila tunahamia San Francisco. Huko ubaguzi haukuhitaji ngumi. Ulikuja na karatasi ya mwaliko.

Niseme kidogo kuhusu mchezo wenyewe, maana wasomaji kadhaa wameuliza. Katika futiboli ya Kimarekani mpira una umbo la yai na hubebwa mikononi. Timu ya watu 11 hupewa nafasi nne za kusogea yadi 10; ikifaulu hupewa nne nyingine, ikishindwa hunyang'anywa mpira. Anayeuvusha mstari wa mwisho huipatia timu yake pointi 6. Kwa hiyo mtu mwenye mbio na kifua cha kuhimili vishindo ni hazina kubwa.

Chuo Kikuu cha San Francisco, kilichoanzishwa na mapadre Wajesuiti mwaka 1855, kilikuwa na mtu wa namna hiyo. Aliitwa Ollie Matson, mzaliwa wa Texas. Msimu wa 1951 alikimbia na mpira jumla ya yadi 1,566, na hakuna mchezaji wa chuo chochote Marekani aliyemfikia. Walipokwenda New York kucheza na Fordham, mara mbili alidaka mpira wa kuanzia mchezo upande wa kwao na kukimbia nao uwanja mzima hadi mstari wa mwisho. San Francisco walishinda 32 kwa 26. Katika safu ya ulinzi alikuwapo Burl Toler kutoka Memphis, mweusi kama Matson, ambaye wenzake walimhesabu kuwa hana wa kumlinganisha naye kwa kuangusha watu.

Hao wawili ndio waliokuwa weusi kikosini. Waliobaki walikuwa weupe, wengi wakiwa watoto wa wafanyakazi. Gino Marchetti, mtoto wa wahamiaji wa Kiitalia, alikuwa amepigana Ujerumani katika Vita vya Pili vya Dunia kabla ya kuingia chuo. Bob St. Clair alikuwa na urefu wa zaidi ya mita mbili na alipenda kula nyama mbichi. Kocha Joe Kuharich aliwakusanya kabla ya msimu katika mji mdogo wa Corning, kaskazini mwa California, akawafanyisha mazoezi kwenye jua kali. Kijana aliyewaandikia taarifa za magazeti aliitwa Pete Rozelle. Naomba jina hilo likumbukwe.

Walicheza mechi tisa, wakashinda zote tisa. Pacific, jirani zao wa Stockton, walifungwa 47 kwa 14. Loyola, mechi ya mwisho, 20 kwa 2.

Hapo ndipo fedha inapoingia. Timu ya futiboli ni mzigo mzito kwa chuo kidogo: safari, vifaa, matibabu, ada za wachezaji. San Francisco walikuwa na nakisi ya karibu dola 70,000. Tumaini lilikuwa mechi za Bowl, zile za mwaka mpya ambazo timu huzicheza kwa kualikwa na kulipwa vizuri. Waalikaji walikuwa kamati za wakubwa wa mji husika, na miji yenye mechi kubwa ilikuwa mingi Kusini: Orange Bowl ilikuwa Miami, Sugar Bowl New Orleans, Gator Bowl Jacksonville. Kusini mwa miaka hiyo mweusi hakulala hoteli moja na mweupe, wala hakuketi naye meza moja. Kamati iliyomleta mchezaji mweusi ingegombana na desturi, na mahali pengine na sheria.

Wachezaji wenyewe walisimulia baadaye kwamba kocha aliwaeleza mambo waziwazi: mwaliko ungepatikana, lakini Matson na Toler wabaki nyumbani. Jibu likawa hapana. Kwa simulizi zao, hapakuwa na mjadala wa maana wala kura. Mimi nakaa sana kwenye jambo hilo. Walikuwa vijana wa miaka ishirini na kitu, mbele yao ipo mechi kubwa kuliko zote watakazowahi kuota kama wanachuo, na chuo chao kinahitaji fedha hiyo kweli. Wangeweza kujiambia kwamba sheria za Kusini si kosa lao. Hakuna aliyeomba hata siku moja ya kufikiri.

Wapo waliodai kwamba San Francisco hawakualikwa kwa sababu wapinzani wao walikuwa dhaifu. Ni kweli kwamba walicheza hata na timu za kambi za jeshi. Lakini chuo kikubwa kilikuwa na faida gani kucheza nao? Kikishinda hakipati sifa, kikishindwa kinaaibika. Na Pacific, waliofungwa tofauti ya pointi 33, ndio walioalikwa Sun Bowl, El Paso.

Bila fedha ya mwaka mpya, chuo kikaifuta timu msimu ulipokwisha. Vijana wakatawanyika, tisa kati yao wakiingia NFL, ligi ya kulipwa. Matson, Marchetti na St. Clair wote wamo katika Jumba la Mashujaa wa mchezo huo, watatu kutoka kikosi kimoja cha chuo kidogo. Kiangazi cha 1952 Matson alipitia pia Helsinki, akarudi na medali mbili za Olimpiki za mbio.

Toler hakubahatika. Mwaka huohuo wa 1952 aliumia goti katika mechi ya nyota wa vyuo, na uchezaji wake ukaishia hapo. Alirudi San Francisco, akawa mwalimu na baadaye mkuu wa shule. Mwaka 1965 aliingia tena uwanjani, safari hii na filimbi na shati la mistari, mwamuzi wa kwanza mweusi katika historia ya NFL. Kamishna wa ligi wakati huo alikuwa Pete Rozelle.