Malemba-Nkulu: Mtandao ukikatika, waya wa konsoli ndio mlango unaobaki

Fundi aliye Kamina au Lubumbashi anaweza kurekebisha swichi iliyo Malemba-Nkulu bila kutoka ofisini, mradi mtandao unapita. Mtandao ukikatika, au mtu akikosea anwani moja tu ndani ya mashine hiyo, njia hiyo inafungwa. Linabaki tundu la konsoli kwenye swichi yenyewe, na linahitaji mtu aliyesimama mbele yake.

Katika wilaya hii ya Haut-Lomami, kufika mbele ya mashine si jambo dogo. Kamina, makao makuu ya jimbo, iko zaidi ya kilomita 200. Reli ya SNCC inapita Kamina na Bukama lakini haifiki Malemba-Nkulu. Inabaki barabara, ambayo mvua huiharibu, au boti kwenye mto Lualaba.

Siku zinazopotea njiani zina bei yake. Wizara ya Afya hukusanya takwimu za magonjwa kwa mfumo wa DHIS2, unaotegemea intaneti. Mwaka 2017, mlipuko wa polio ulipotangazwa Haut-Lomami na Maniema, kila ripoti ya mtoto aliyepooza ilikuwa na haraka.

Swichi ni kisanduku kinachounganisha kompyuta na mashine nyingine za jengo moja. Konsoli haipiti kwenye mtandao: waya unatoka kwenye kompyuta ya fundi moja kwa moja hadi kwenye swichi. Tundu lake mara nyingi linafanana na yale ya kawaida ya mtandao, ndiyo maana wengi huchomeka waya usiofaa. Kisha fundi anafungua programu kama PuTTY, ambayo ni ya bure, na kuchagua mwendo, mara nyingi 9600. Mwendo usipolingana, kioo kinajaa herufi zisizosomeka. Hapo swichi haijafa. Baadhi ya mashine hutumia 115200.

Kompyuta nyingi za siku hizi hazina tundu la zamani la waya huo. Zinahitaji kiunganishi cha USB, na mara nyingine programu ndogo ya kukiendesha, ambayo hupakuliwa kwenye intaneti. Anayeikumbuka akiwa tayari Malemba-Nkulu, mahali mtandao umekufa, amechelewa. Ijaribiwe kabla ya kuondoka.

Jambo lingine ni umeme. Kwenye swichi nyingi, mabadiliko yanafanya kazi mara moja lakini hayabaki hadi yahifadhiwe kwa amri yake. Jenereta ikizimwa au betri za sola zikiisha, swichi ikiwaka tena inarudi kwenye mpangilio wa zamani, na safari nzima imekuwa bure.

Mlango huu una hatari pia. Mwenye waya na nafasi ya kuzima na kuwasha swichi anaweza, kwa mashine nyingi, kuruka neno la siri. Kabati lifungwe kwa ufunguo, na ufunguo uwe na mtu anayejulikana.

Dawa iliyo rahisi zaidi ni kuacha waya na kiunganishi ndani ya kabati hilo, pamoja na karatasi yenye mwendo wa konsoli, na kumfundisha mfanyakazi mmoja wa hapo hapo. Simu ikishika, fundi wa Kamina atamsomea amri moja moja, naye atamsomea kinachoandikwa kwenye kioo.