Vani ya mtumba ya bei nafuu: mambo ya kukagua kabla ya kutoa fedha

KAMPALA – Mwalo wa Ggaba, kusini mwa jiji la Kampala kwenye ufuko wa Ziwa Victoria, hupokea samaki na mazao yanayoletwa kwa boti kutoka visiwani, na kupeleka huko bidhaa za dukani. Mzigo huo lazima upande barabara ya Ggaba kupitia Bunga, Kansanga na Kabalagala kabla ya kufika katikati ya jiji. Ndiyo maana mtu anayeanza kazi ya usafirishaji hapa hutafuta kwanza vani ya mtumba, kwa kawaida Toyota HiAce, na mara chache Nissan Caravan.

Anayeanza huwa na mtaji mdogo, kwa hiyo huvutwa na bei. Lakini bei anayotaja dalali ni sehemu tu ya gharama. Sehemu nyingine imefichwa kwenye karatasi, kwenye kutu na kwenye injini. Mnunuzi asiyeikagua mapema huilipa baadaye, tena gari likiwa limeegeshwa gereji na mteja amekwisha kutafuta msafirishaji mwingine.

Gari litasajiliwa wapi?

Hili ndilo swali la kwanza, hasa kwa mfanyabiashara wa Kenya au Tanzania anayenunua Kampala kwa sababu ya bei.

Tangu Oktoba 2018, Uganda imezuia kuingizwa nchini kwa magari yenye umri wa zaidi ya miaka 15 tangu yaundwe. Kenya ina kikomo kikali zaidi cha miaka 8. Tanzania haikuweka kikomo cha namna hiyo, lakini hutoza ushuru mkubwa zaidi kwa gari kuukuu.

Maana yake ni kwamba vani ya miaka 12 inaweza kuwa halali kabisa Kampala, lakini mwenyewe akashindwa kuisajili Busia upande wa Kenya. Vilevile, kodi iliyolipwa Uganda haimaanishi kuwa gari limemaliza kodi ya upande wa pili. Anayetaka kulihamisha moja kwa moja aulize forodha ya nchi anakokwenda kabla ya kulipa hata arubuni.

Anayebaki na usajili wa Uganda na kuvuka mpaka kwa safari tu, iwe Busia, Malaba au Mutukula, atahitaji kibali cha muda cha gari na bima inayotambulika upande wa pili. Kadi ya Njano ya COMESA hutumika kwa kazi hiyo Kenya na pia Tanzania, ingawa Tanzania si mwanachama wa COMESA.

Herufi za namba si umri wa gari

Kampala watu wengi hukadiria umri wa gari kwa kutazama herufi za namba ya usajili. Ni kosa la gharama kubwa. Herufi hizo huonyesha lini gari lilisajiliwa Uganda, si lini liliundwa. Gari lililoundwa 2010 na kuingia nchini 2022 lina namba ya karibuni, lakini lilifika likiwa na miaka 12.

Namba ya chesisi ya gari lililouzwa kwanza Japani nayo haitaji mwaka waziwazi. Kwa HiAce ya umbo lililoanza 2004, herufi za mwanzo zinaeleza injini: TRH ni ya petroli, KDH ni ya dizeli. Mwaka utafutwe kwenye logibuku na, ikiwapo, hati ya Japani ya kuliondoa gari kwenye usajili kwa ajili ya kuliuza nje. Hati hiyo huonyesha mwezi na mwaka wa usajili wa kwanza. HiAce ya umbo la zamani, lililoundwa Japani hadi 2004, haiwezi tena kuingizwa Uganda. Inayouzwa leo imekwisha kufanya kazi hapa kwa miaka mingi.

Karatasi kabla ya injini

Mnunuzi alinganishe namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma na ile ya kwenye logibuku, tarakimu kwa tarakimu. Afanye hivyo pia kwa namba ya injini. Injini hubadilishwa mara kwa mara, na kama mabadiliko hayakuandikishwa, mzigo huo unamhamia mnunuzi. Chuma kilichosuguliwa au kuchomelewa karibu na namba ni sababu ya kuondoka.

Jina la muuzaji lithibitishwe kwenye daftari la usajili wa magari, ambalo liko chini ya Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Faini za trafiki zilizorundikana kwenye namba ya gari nazo ziangaliwe.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni rehani. Kwa sheria ya mwaka 2019, Ofisi ya Usajili ya Uganda, URSB, hutunza daftari la mali zinazohamishika zilizowekwa dhamana ya mikopo, na mtu yeyote anaweza kuomba kulipekua. Muuzaji anayesema logibuku "iko kwa rafiki" au "itafuata wiki ijayo" huenda ameiacha kwa mkopeshaji.

Kutu ya samaki

Vani iliyobeba samaki ina ugonjwa wake. Barafu ikiyeyuka, maji yenye chumvi na damu hupenya kwenye maungio ya sakafu na kukaa juu ya chesisi. Juu gari linang'aa, chini linaoza.

Mkeka wa sakafu uinuliwe wote. Kona za nyuma, matao ya magurudumu na reli za mlango wa kuteleza zigongwe kidogo kwa bisibisi; chuma kizima hulia, kilichooza hubonyea. Sumaku ndogo isiyoshika kwenye bati inaonyesha kuwa pametiwa puti. Rangi nyeusi mpya chini ya gari isimfurahishe mnunuzi, kwani mara nyingi hufunika kutu.

Sakafu yenye matundu ya bolti za viti, au mabaki ya mstari wa miraba ya buluu na nyeupe chini ya rangi mpya, ni dalili kwamba vani ilikuwa taksi ya abiria. Si lazima iachwe, lakini bei ipungue, na kilometa za kwenye dashibodi zisiaminiwe. Raba za pedali na usukani uliochakaa husema kweli zaidi.

Injini na barabara

Gari likaguliwe asubuhi, injini ikiwa baridi. Muuzaji aliyeliwasha kabla mnunuzi hajafika huenda anaficha ugumu wa kuwaka. Kiti cha mbele huinuliwa, kwa kuwa injini iko chini yake. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa inaonyesha imechanganyika na maji.

Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Mweupe usiokoma injini ikishapata moto huenda ni maji yanayoingia kwenye silinda. Mweusi mwingi kwa dizeli huelekeza kwenye nozeli, pampu au hewa, na nozeli za injini za kisasa ni ghali.

Kisha gari lipandishwe kilima cha Buziga likiwa na mzigo. Hapo klachi inayoteleza na injini inayochemka hujionyesha. Wakati wa kushuka, breki zisivute upande mmoja. Tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT kwenye tairi ni wiki na mwaka wa kuundwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Hesabu ya mwisho

Tuseme vani ya kwanza inauzwa shilingi milioni 24 na ya pili milioni 31. Ya kwanza inahitaji matengenezo ya milioni 6 na kukaa gereji siku 20. Kama kazi ya siku moja ingeingiza 150,000, hasara ya siku hizo ni milioni 3. Jumla ni milioni 33, na ile ya bei nafuu imekuwa ghali kwa milioni 2.

Hesabu hiyo huanza na makadirio ya fundi aliyelipwa na mnunuzi, si yule aliyeletwa na dalali. Kwa HiAce ni rahisi zaidi, kwa sababu zimejaa Kampala na vipuri vyake hupatikana haraka. Kwa Caravan, bei ya vipuri iulizwe Kisekka kabla ya kukubaliana. Fedha zilipwe kupitia benki kwa jina lililo kwenye logibuku, siku ileile fomu za kuhamisha umiliki zinaposainiwa. Muuzaji akikataa sharti hilo, vani nyingine zipo.