Uchovu wa Anayepunguza Mlo Si Uvivu

Katika mwambao wetu, kuanzia Bagamoyo hadi hapa Msata, na ng'ambo ya bahari katika visiwa vya Unguja, Pemba na Mafia, wapo wananchi wengi wanaojinyima chakula kwa hiari ili wapunguze unene. Baadhi yao wameshauriwa na madaktari baada ya kupimwa na kuonekana wana shinikizo la damu au kisukari. Wengine wameamua wenyewe. Uamuzi huo ni wa busara na unastahili kuungwa mkono. Lakini baada ya wiki chache wengi wao hutoa malalamiko ya namna moja: wamechoka. Miguu ni mizito, kichwa kinauma, usingizi unawashika mchana wakiwa kazini, na hasira zimekuwa karibu. Badala ya kusaidiwa, huambiwa kwamba ni wavivu au hawana moyo wa kuvumilia. Kauli hiyo si ya haki, na hapana budi isahihishwe.

Yafaa ikumbukwe tulikotoka. Mwaka 1973 Taifa liliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa njia ya redio na vikundi vya kusikiliza, na mwaka huo huo ikaundwa Taasisi ya Chakula na Lishe. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Wakati ule hoja kubwa ilikuwa kuipatia kila nyumba chakula cha kutosha na kilicho bora. Hoja hiyo haijakwisha, kwani wapo watoto wanaodumaa hadi leo. Lakini pembeni yake limekuja tatizo la pili. Uchunguzi wa afya wa Taifa wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika kila wanawake 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49, 28 walikuwa na uzito uliozidi kiasi. Mwanzoni mwa miaka ya tisini walikuwa 11 tu. Tena Visiwani hali ni nzito kuliko Bara.

Sababu zake si ulafi peke yake. Tazama Msata, mahali ambapo barabara itokayo Bagamoyo hukutana na barabara kuu ya Chalinze na Segera. Aliyekuwa akienda shambani kwa miguu leo hupanda bodaboda. Chipsi, chapati na soda hupatikana mchana na usiku. Mtumishi wa Serikali hukaa kitini tangu asubuhi hadi jioni, naye hula sahani ile ile aliyokuwa akila babu yake mwenye jembe au nyavu. Kazi imepungua, sahani imebaki pale pale, na kilichozidi huwekwa mwilini kuwa mafuta.

Sasa, kwa nini mtu huyo akipunguza mlo huchoka, hali mwilini mwake imo akiba kubwa? Watumishi wa halmashauri watauelewa mfano huu upesi. Halmashauri iliyopunguziwa fedha ghafla haiendi mara moja kuuza majengo yake. Kwanza husimamisha safari, halafu matengenezo, halafu hupunguza matumizi ya kila idara. Mwili nao hufanya hivyo. Chakula kikipungua mno, hupunguza homoni zinazochochea kazi ya viungo, huteremsha joto, na humfanya mtu ajongee kidogo bila yeye kutambua: hukaa pale ambapo jana angesimama, na humtuma mtoto dukani pale ambapo jana angekwenda mwenyewe. Uchovu ndio amri ya mwili ya kubana matumizi.

Jambo hili lilithibitishwa zamani. Kati ya mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, mtaalamu Ancel Keys aliwachunguza vijana 36 wenye afya njema waliojitolea. Kwa wiki 24 walilishwa takriban nusu ya chakula chao cha kawaida, huku wakitakiwa kutembea kila wiki. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Nguvu ziliwaishia, walihisi baridi, wakawa wepesi wa kukasirika, na mawazo yao yakawa juu ya chakula tu. Hao walikuwa vijana wenye ari, waliochaguliwa kwa uimara wa mwili na akili. Ikiwa wao walichoka, nani atathubutu kumwita mvivu mama wa Pemba au karani wa Bagamoyo?

Hata hivyo, haifuati kwamba kupunguza mlo ni kosa. Kosa ni kuupunguza kwa pupa. Wapo wanaoacha chakula cha asubuhi na cha mchana, wakabaki na chai na kipande cha tikiti. Wiki ya kwanza mizani hushuka upesi na wao hufurahi. Lakini sehemu kubwa ya kilichotoka ni maji, kwa sababu wanga uliohifadhiwa katika ini na misuli hushikamana na maji, na ukitumika maji hayo hutoka pamoja na chumvi. Hapo ndipo kichwa huuma na kizunguzungu huanza. Akiendelea hivyo bila chakula cha kujenga mwili wala mazoezi, misuli nayo huliwa, na nguvu hupungua kweli kweli.

Njia iliyo salama ni ya hesabu ndogo ndogo. Haba na haba hujaza kibaba, na pia hukipunguza. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni akiba ya kalori zipatazo 7,700. Mwenye kupunguza kalori 500 kwa siku huweza kupungua kama nusu kilo kwa wiki katika siku za mwanzo, bila kuangushwa na uchovu. Kalori hizo hazitafutwi mbali. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina kalori kama 120. Anayekunywa vikombe vitatu vya chai, kila kimoja vijiko vinne vya sukari, hujipatia kalori zipatazo 200. Basi na apunguze sukari, mafuta, soda, maandazi na tui zito, na lile bonge la ugali au sahani ya wali iwe ndogo kidogo. Lakini asiguse samaki, dagaa, kunde, choroko, mayai na mboga za majani. Hivyo ndivyo vinavyolinda misuli na damu, na ndivyo vinavyoshibisha kwa muda mrefu. Mwambao wetu umejaaliwa navyo. Ale kwa nyakati zake, anywe maji ya kutosha, alale usiku, atembee kila siku.

Hapa lazima tutoe onyo. Si kila uchovu wa mwenye kupunguza mlo unatokana na mlo. Uchunguzi ule ule wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba wanawake 45 katika kila 100 walikuwa na upungufu wa damu. Mwanamke wa aina hiyo akipunguza chakula, kisha akachoka, huambiwa avumilie, kumbe anahitaji kupimwa damu. Malaria nayo huchosha, na ugonjwa wa tezi ya shingo pia. Mgonjwa wa kisukari anayetumia sindano ya insulini au baadhi ya vidonge, akipunguza mlo bila dawa yake kurekebishwa, sukari yake huweza kushuka mno: atatoka jasho, atatetemeka, atachanganyikiwa, na hata kuzimia. Mwenye dawa za shinikizo la damu naye amwone daktari kwanza. Mjamzito na anayenyonyesha wasijinyime chakula kwa ajili ya umbo.

Wapo pia wanaotafuta njia ya mkato kwa kununua vidonge na majani ya kupunguza unene. Baadhi ya vitu hivyo ni dawa za kuharisha au za kukojoza tu. Huondoa maji na chumvi, hulegeza misuli na kuvuruga mapigo ya moyo, na mafuta hubaki pale pale.

Kadhalika tuwafikirie wale ambao uchovu wao unagusa maisha ya wengine. Dereva wa basi anayepita Msata usiku, na nahodha wa chombo kati ya Bara na Visiwani, hawapaswi kushika usukani wakiwa na njaa ya siku mbili. Watu hao wapunguze polepole zaidi, na siku ya kazi wale chakula kamili.

Wajibu huu si wa mtu mmoja mmoja tu. Viongozi wa idara na mashirika waangalie chakula kinachotolewa katika mikutano na semina: kwa nini kila kikao kiwe na soda na sambusa, wakati maji, matunda na karanga zipo? Zahanati zipatiwe mizani na vifaa vya kupimia damu na sukari, ili anayelalamika uchovu apimwe kabla ya kuhukumiwa. Nasi nyumbani tuache kumsukumia sahani ya pili aliyekwisha kukataa, na tuache kumcheka anaposinzia.

Mwenye kupunguza mlo na ajue basi: uchovu mdogo wa siku za mwanzo ni wa kawaida na hupita. Ukidumu zaidi ya wiki mbili au tatu, aongeze chakula kidogo na aende akapimwe. Ukiambatana na kuzimia, moyo kwenda mbio, pumzi kukatika au hedhi kusimama, asingoje hata siku moja. Uzito uliokusanywa kwa miaka kumi hauwezi kuondolewa kwa mwezi mmoja, na hakuna aliyetuagiza tuuondoe hivyo.