Paka Anayekaza Bila Kukojoa

Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumzia afya ya mtoto na ya mama mjamzito. Mwezi huu tunaomba tumtazame paka wa nyumbani, na mbwa pia.

Watoto wetu walikuwa na paka dume waliyemwita Kijivu. Jumamosi moja tulimwona akichuchumaa kila mara kwenye karai la mchanga, akikaza na kulia, bila kutoa kitu. Tukasema amefunga choo. Tukampa mafuta ya kula, tukaenda mazoezi ya kwaya. Jumapili alitapika na kukataa chakula. Jumatatu asubuhi tulimkuta amekufa chini ya kabati. Sisi ambao kazini huwawekea mpira wazee walioziba mkojo, hatukuutambua ugonjwa ule ule nyumbani kwetu.

Kwa nini hasa dume? Njia yake ya mkojo ni ndefu na nyembamba. Ya jike ni fupi na pana zaidi. Chembechembe kama mchanga, zikichanganyika na ute, huweza kuiziba kabisa. Hapo kibofu hujaa, figo hushindwa kutoa uchafu, potasiamu huzidi katika damu, na mwisho moyo husimama. Yote hayo huweza kutokea kwa siku moja hadi tatu tu.

Basi ukiona paka dume anakaza bila kukojoa, analia, analamba sana sehemu zake za siri au anatapika, usingoje kesho. Mpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyo hiyo. Atamtuliza kwa dawa, ampitishie mpira mwembamba na kumtundikia dripu. Wewe usimbonyeze tumbo, maana kibofu chaweza kupasuka. Wala usimpe parasetamoli: mwili wa paka hauwezi kuivunja, na hata kidonge kimoja chaweza kumwua.

Kwa mbwa, jike ndiye hupata zaidi maambukizi ya kibofu, na vijidudu hivyo vyaweza kuleta mawe. Kwa dume, jiwe hupenda kunasa penye mfupa wa uume. Dalili ni kukojoa kidogo kidogo mara nyingi, mkojo wenye damu, au mbwa mwenye adabu kuanza kukojoa ndani. Usimchape, ni mgonjwa. Usimpe vidonge vilivyobaki vya watoto. Na unaposafisha mkojo wake vaa glovu, kisha nawa kwa sabuni, kwani mkojo wa mbwa huweza kubeba vijidudu vya homa ya leptospira.

Ili kupunguza hatari, fanya hivi:

- Weka maji safi daima, na osha chombo kila siku.
- Lainisha chakula kwa maji au mchuzi usio na chumvi wala vitunguu.
- Safisha karai la mchanga kila siku.
- Usimwache paka anenepe mno.
- Mbwa anayefungwa kutwa, mtoe mara kadhaa akojoe.

Leo tuna paka mwingine. Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, binti yetu huchungulia karai na kuhesabu mabonge ya mchanga uliolowa. Akikuta pakavu, hutuamsha.