Daraja Huzeeka kwa Njia Mbili

Sisi tunaopanda basi kutoka Dar kwenda Tanga, Moshi au Arusha chuo kikifungwa, daraja la zamani la Wami tulilijua vizuri. Lilijengwa mwaka 1959, jembamba, gari likipita upande huu la upande wa pili linasubiri. Halikuanguka, ila lilikuwa limeshazidiwa na malori na mabasi ya leo. Foleni tuliizoea mpaka daraja jipya lilipofunguliwa mwaka 2022.

Huo ni uzee wa kipimo. Mimi unaonitisha zaidi ni uzee wa mwili, maana hauonekani. Maji hupenya kwenye nyufa za zege hadi kwenye nondo. Nondo zikishika kutu, kutu huvimba na kulipasua zege kutoka ndani. Kule Genoa, Italia, nyaya za chuma za daraja la Morandi zilifunikwa kwa zege, kutu ikazila humo humo. Agosti 14, 2018 likaporomoka, watu 43 wakafa. Lilikuwa halijatimiza hata miaka 51 tangu lifunguliwe.

Kwa hiyo jamani, tukikuta mafundi wamefunga upande mmoja wa daraja wanalikagua, tusiwapigie kelele. Kawia ufike.