Perere, Mwenye Sauti Kubwa Kuliko Mwili

Mwindaji anayewavizia bata wa mtoni katika mabonde ya Mgwashi, Usambara Magharibi, hana budi kuwahi kabla ya mapambazuko. Wakati huo huenda akasikia msituni ukelele kama wa mtu anayenyongwa, akawasahau bata na kutimua mbio. Aliyemtisha ni perere, mla majani wa kilo 3 hivi! Dume hupiga kelele kuwatangazia wenziwe mipaka ya makao yake. Koromeo pana na mifuko ya hewa kooni huikuza sauti. Ajabu zaidi, jamaa zake wa karibu ni tembo na nguva. Mchana hulala katika mvungu wa mti mkongwe. Mti huo ukikatwa, mbwa wa wawindaji humpata kwa urahisi.