Medvedkin na Mji Mkuu Mpya

Miongoni mwa Warusi waliojipatia sifa duniani kwa kutengeneza filamu, wapenzi wa sinema huwataja kwanza Eisenstein na Tarkovsky. Alexander Medvedkin hatajwi sana. Lakini kwa Dodoma, mji ambao bado unajengwa kuwa makao makuu ya nchi, yeye ndiye mwenye neno la kutufaa.

Medvedkin, aliyezaliwa mwaka 1900, alikuwa askari wa Jeshi Jekundu na hakupata kuwa adui wa serikali yake. Mwaka 1932 aligeuza mabehewa ya treni kuwa kiwanda cha filamu. Alifika migodini na katika mashamba ya ushirika, akapiga picha za kazi, zikasafishwa humo humo garini, kisha akawaonyesha watu wale wale waliopigwa. Mkuu mzembe alijiona mbele ya wafanyakazi wake, na mjadala ukafuata.

Mwaka 1938 alitengeneza kichekesho kiitwacho Moscow Mpya. Ndani yake kijana mhandisi anaonyesha hadharani sura ya mji mkuu utakavyokuwa. Kwa bahati mbaya picha zinakwenda kinyumenyume: majumba mapya yanatoweka, na makanisa yaliyobomolewa yanasimama tena. Wakubwa hawakucheka. Filamu ilipigwa marufuku.

Hata hivyo, historia ilicheka baadaye. Kanisa Kuu la Kristo Mwokozi, lililobomolewa mwaka 1931, lilijengwa upya palepale na kuwekwa wakfu mwaka 2000. Medvedkin naye, aliyefariki mwaka 1989, alipata heshima ugenini. Wafanyakazi wa Besançon, Ufaransa, walioshika kamera mwishoni mwa miaka ya 1960 walijiita kwa jina lake, na Chris Marker akatengeneza filamu juu yake mwaka 1971 na mwaka 1993. Kilichomhifadhi ni ile treni yake na vichekesho vyake.

Dodoma ilichaguliwa mwaka 1973, ikachorewa mpango mkuu mwaka 1976, na serikali ikaanza kuhamia kwa nguvu mwaka 2016. Katika nyanda hizi kavu, ramani nzuri haitoshelezi kiu ya mtu. Ndugu zetu wa Visiwani nao wanajua, kwa kuitazama Michenzani, kwamba kila jumba jipya limesimama mahali palipokuwa na nyumba ya mtu.

Wapo watakaosema kwamba kuonyesha kasoro ni kuwavunja moyo wajenzi wa taifa. Sivyo. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Treni ya umeme iliyofika Dodoma mwaka 2024 hubeba viongozi na wananchi pamoja. Vijana wetu wenye kamera nao waruhusiwe kuingia vijijini na maofisini, na wanachokipiga kionyeshwe kwanza kwa wahusika. Kiongozi anayekubali kujitazama leo atapata nafasi ya kurekebisha kabla jengo halijakamilika.